Makapi, marudio au magwangala?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu huku Makongolosi, wilayani Chunya. Mkataba wetu na mwenye kalasha, mashine ya kusagia mawe, unasema "mabaki yasiyo na thamani yatakuwa mali ya mwenye kalasha." Tumesaga, tumeosha, dhahabu tumechukua, sasa amezuia marudio yetu, yaani mchanga uliobaki, anasema ndiyo hayo makapi tuliyoandikiana. Je, makapi na marudio ni kitu kimoja? Na lile jiwe lisilo na kitu, ambalo hushikana na jiwe lenye dhahabu, tuliite nini kwa Kiswahili fasaha? Kijana mmoja aliyesomea madini anasema tuandike "gange". – Katibu wa kikundi.

JIBU: Ndugu Katibu, ugomvi wenyewe hauko kwenye uwezo wangu, huo pelekeni kwa wanaojua sheria. Mimi nashughulika na maneno, na kwa maneno naweza kukujibu upesi: makapi si marudio. Aliyewaandikia "mabaki yasiyo na thamani" ndiye aliyewatia matatani, kwa sababu hapo hakutaja kitu. Ametoa hukumu bila kusema nani atahukumu, wala lini.

Tuanze na jiwe lenyewe. Mwaka juzi nilipita Matundasi, nikapewa kipande cha mbale, yaani jiwe lenye dhahabu, nikishike. Ukubwa wake kama ngumi. Sehemu kubwa ilikuwa jiwe jeupe, lile linalong'aa kama sukari iliyosafishwa, na ndani yake michirizi ya rangi ya kutu. Dhahabu sikuiona mpaka mwenye kipande alipolilowesha kwa mate na kuligeuza juani: nukta moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, pembeni mwa kutu. Nikamuuliza, haya mengine yote mnayaitaje? Akacheka. "Hayo ni jiwe tu, Mwalimu."

Basi hilo "jiwe tu" ndilo mnaloniuliza. Si jiwe la kando ya mshipa wa dhahabu, ni la ndani ya mshipa huohuo, limezaliwa pamoja na dhahabu na huwezi kulitoa bila kuponda. Huku Chunya kwa kawaida ni huo mwamba mweupe, ambao wataalamu huuita kwatzi. Kwingine huwa ni mawe ya jamii ya chokaa.

Mimi naliita makapi, na nina sababu. Kapi la mahindi au la mpunga halikutoka shamba jingine. Lilikuwa limeifunika punje ileile tunayoila, likaachana nayo kwenye kinu, likapeperushwa kwenye ungo. Mama yeyote wa Kyela au Mbarali anayepepeta mpunga anajua kwamba makapi na mchele vilikuwa kitu kimoja asubuhi ile. Ndivyo lilivyo jiwe jeupe na dhahabu yake. Andikeni "makapi ya mbale" na mtaeleweka. Ila msitumie umoja wake, "kapi", kwenye maandishi ya mgodini, maana kapi ni pia lile gurudumu la kupitishia kamba ya kuvutia mizigo. Mkiandika "kapi la duara", yaani la shimo la mgodi, mtu atadhani mnadai kifaa.

Kuna waliopendekeza "pumba". Kwa maana haiko mbali, ila pumba zimeshachukuliwa na vijana. Mtu akiongea ovyo anaambiwa anaongea pumba, na mkataba hauhitaji kicheko. Isitoshe, hapa Mbeya pumba za mahindi zinauzwa kwa gunia, wafugaji wa nguruwe na kuku wanazigombania. Ni mfano mbaya wa kitu kisicho na thamani.

Hiyo "gange" ya kijana wenu nayo ina historia ya kuchekesha. Neno la wataalamu wa Ulaya lilitoka kwa Wajerumani likapitia kwa Wafaransa, na kwa Wajerumani lilimaanisha njia, yaani mshipa wenyewe wa madini, kitu kinachotafutwa. Katika kusafiri likageuka likawa jina la kile kinachotupwa. Sitalilaumu kwa hilo, maneno yetu pia hugeuka. Shida ni kwamba Kiswahili kina gange yake tangu zamani: ni jiwe laini la chokaa. Fundi wa pwani akisoma mkataba wenu atafikiri mnachimba chokaa. Mwambieni kijana namshukuru, lakini nafasi hiyo ina mtu.

Na kwa kuwa tumetaja chokaa, tazameni mlima Panda, huku Songwe upande wa Mbeya Vijijini. Mle mna niobiamu, madini ya kuimarishia chuma, na yamo ndani ya mwamba wa jamii ya chokaa. Kwa mtu wa niobiamu, chokaa yote ile ni makapi. Sogea kidogo tu hapo Songwe, kuna kiwanda cha saruji, na saruji haitengenezwi bila mawe ya chokaa. Jamii ileile ya mawe, bonde lilelile: huku makapi, kule ndiyo mali. Ndiyo maana nasema "yasiyo na thamani" si jina la kitu.

Sasa marudio. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye pesa zenu.

Marudio yanatokana na kurudia. Uchaguzi wa marudio ni ule unaopigwa tena, mechi ya marudiano ni ile inayochezwa tena, na redio ikisema "hiki ni kipindi cha marudio" unajua ulishakisikia. Mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha, ukaoshwa kwenye mwalo, pale pa kuoshea, na kukamatishwa zebaki, umeitwa marudio kwa sababu kila mtu pale anajua utarudiwa. Zebaki haikamati dhahabu yote, huiacha nyingi, hasa ile laini sana na ile iliyojificha ndani ya punje za kutu. Anayekuja nyuma na matangi ya sianidi anaichukua hiyo. Neno lenyewe, Katibu, limebeba ahadi ya safari ya pili. Makapi hayana ahadi hiyo.

Pale Matundasi nilikosea mbele ya watu. Kulikuwa na chungu ya mchanga wa kijivu, umelowa, juu yake kipande cha bati kimeandikwa herufi mbili kwa rangi nyekundu. Nikasema kwa kujiamini, "Na makapi haya ni ya nani?" Mama mmoja aliyekuwa akiosha aliinua uso. "Mwalimu, hayo marudio. Ukiyaita makapi, kesho mtu atakuja na lori kukusaidia kuyatupa." Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na sijasikia maana ya neno ikifafanuliwa vizuri hivyo.

Ukitaka mfano wa jikoni, marudio ni kiporo, si makombo. Kiporo kimefunikwa, kina mwenyewe, asubuhi kitapashwa. Makombo yanasubiri mbwa. Neno "mabaki" mlilotumia linabeba vyote viwili, na hapo ndipo mwenye karasha alipopenya. Najua pia kwamba sehemu nyingi mwenye karasha huachiwa marudio kama sehemu ya malipo yake. Hilo ni la kupatana, na mkipatana liandikwe kwa jina lake.

Magwangala hamkuniuliza, ila yamo vinywani mwa watu wa Chunya siku hizi, nadhani yamekuja na wenzetu wa Kanda ya Ziwa. Geita neno hili hutumika kwa mawe yanayotolewa na migodi mikubwa na kumwagwa kando, ambayo wananchi huyapekua wakitafuta yaliyosazwa. Hayajasagwa, na hapo ndipo yanapotofautiana na marudio. Ni neno zuri, lina mlio wa mawe yanayoporomoka kutoka kwenye lori. Kama mawe yenu ni ya kuchimba njia tu, ya kufikia mshipa, semeni "mawe tupu" au "kifusi", japo kifusi nacho mjini Mbeya kinauzwa kwa tripu kwa wanaojaza viwanja.

Makinikia, yale yaliyojaza makontena 277 bandarini Dar es Salaam mwaka 2017, ni kinyume cha yote haya. Ni mchanga uliokwisha kupunguziwa makapi ukabaki na madini mengi kwa uzito mdogo. Msiyachanganye na marudio hata kwa bahati mbaya. Na yanayotoka kwenye tanuri baada ya kuyeyusha yana jina la wahunzi wetu wenyewe, mavi ya chuma, ambayo kule Ufipa walikofua chuma kwa matanuri marefu ya udongo mtu anaweza kuyaokota hadi leo. Msione haya kuliandika.

Kwa mkataba mpya ningeandika hivi: "Mawe tupu na makapi ya mbale yaliyochambuliwa kabla ya kusaga yatamwagwa mahali patakapoonyeshwa na mwenye karasha. Marudio yote yatokanayo na mbale ya kikundi ni mali ya kikundi, isipokuwa ndoo ... kwa kila tani, ambazo ni malipo ya mwenye karasha." Idadi ya ndoo jazeni wenyewe, mbele ya mashahidi.

Na ni karasha, kwa r. Najua huko kwenu wengi mnasema kalasha, na likisemwa hivyo mashine haigomi kusaga, lakini kwenye karatasi tuliache liwe na r.