Mwili hausikii amri

Mhariri, wiki hii mmetuuliza tunaulegezaje mwili kabla ya kuketi kutafakari, na mtu atajuaje kwamba kweli umelegea. Nitayajibu yote mawili, ila nianze na kosa ninaloliona kwa wengi: kujiamuru. Funga macho sasa hivi, jiambie "mabega, legeeni", uone. Yatashuka kidogo kwa kuwa umeyasukuma chini, na kusukuma nako ni kazi ya misuli. Dakika mbili hazipiti, yamerudi karibu na masikio. Kazi ya msuli ni kujikaza tu; kulegea ni kuiacha kazi hiyo, na mtu hawezi kuacha jambo ambalo hana habari kwamba analifanya.

Daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, alilielewa hilo mapema. Mwaka 1929 alichapisha kitabu chake juu ya kuilegeza misuli hatua kwa hatua, na karibu kila zoezi la "kaza kisha achia" mnalolisikia leo lina asili yake humo. Katika vipimo vyake vya umeme hafifu wa misuli aliona kwamba mtu aliyelala kimya, akiwaza tu kuwa anaukunja mkono, misuli ya mkono ule hujikaza kidogo. Kwa sisi tunaotafakari hii si habari ndogo. Ina maana kwamba mawazo yanayozunguka kichwani hayaishii kichwani, na kwamba ukiketi na mwili uliokaza umeketi na kichwa ambacho bado kiko kazini.

Anza na mkono mmoja. Kunja ngumi, wastani, si ya kupigana. Ishike sekunde 5 hadi 7 huku ukipumua kama kawaida, na katika muda huo usifanye lolote ila kutafuta mkazo uko wapi hasa. Wengi watasema uko kwenye vidole. Tazama vizuri: mkubwa uko kwenye kigasha, chini kidogo ya kiwiko, kwa sababu misuli mikubwa inayovikunja vidole ipo pale. Kisha achia kwa mkupuo mmoja. Usifungue kiganja polepole kwa ustaarabu, kiache kianguke. Halafu subiri nusu dakika nzima bila kufanya kitu. Nusu dakika hiyo ndiyo dawa, na ndiyo watu wanayoiruka, wakikimbilia mkono wa pili, kisha miguu, kisha tumbo, kama wanaofanya mazoezi ya viungo. Rudia ngumi ileile kwa nusu ya nguvu, kisha kwa robo, mpaka uweze kuutambua mkazo mdogo kabisa. Jacobson alitaka mwanafunzi afike hapo. Nguvu ya kukaza haikuwa shabaha yake, na aliwaonya wanafunzi wake kwamba anayejitahidi kulegea bado hajalegea.

Ukishaujua mkazo kwenye mkono, utautambua popote. Mapaja, makalio, tumbo, mgongo: pita humo kwa utaratibu uupendao, sina la kuongeza. Shavu la mguu usilikaze sana, hasa kwa kuvinyoosha vidole vya mguu mbele, maana msuli unaweza kukubana ukaruka badala ya kutafakari. Mwenye shingo mbovu, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, asikaze sehemu hiyo kabisa. Na asiwepo anayebana pumzi wakati wa kukaza, kwa sababu hupandisha shinikizo la damu.

Pa kukaa muda mrefu ni usoni. Nikiambiwa nichague sehemu moja tu ya mwili, nitachagua taya, na miguu nitawaachia wengine. Taya hukaza mchana kutwa bila ruhusa: tunaposoma ujumbe, tunapoendesha gari, tunapomsikiliza mtu asiyemaliza hadithi. Angalia meno yako ya nyuma yako wapi wakati huu unaposoma. Kama yamegusana, umekaza; taya lililotulia huacha upenyo mdogo kati ya meno huku midomo ikigusana kwa mbali. Halafu ulimi. Mara nyingi umejibandika kwenye kaakaa kwa nguvu, na mwenyewe hujui. Uache ulale. Baada ya ulimi, macho: hata yakiwa yamefumbwa, mara nyingi huendelea kutazama mbele kana kwamba kuna kitu cha kusoma. Yaache yazame, usiyaelekeze popote. Mtu anayezungumza kimoyomoyo hukaza sehemu hizihizi za kusemea, ulimi na koo, na mara nyingi naona kelele za kichwani zikipungua ulimi unapolala, kabla sijaanza hata kuhesabu pumzi.

Pumzi yenyewe sitaifanya ngumu. Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta hewa na kupunguza unapoitoa, kwa kuwa neva ya vagasi, ile inayopunguza mwendo wa moyo, huushika zaidi wakati wa kutoa. Kwa hiyo refusha kutoa. Kuvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, kila hesabu sekunde moja, kunakupa pumzi 6 kwa dakika, mwendo ambao miili mingi huupokea vizuri. Ukiona unatafuta hewa, fupisha. Kifua kinachodai hewa hakitalegea kwa kubishana nacho. Dakika tatu zinatosha, kisha iache pumzi ijiendee.

Kwa wale ambao kukaza kunawaumiza, iko njia ya daktari wa Ujerumani, Johannes Heinrich Schultz, aliyoichapisha mwaka 1932. Huna unachokikaza. Unajirudishia kimoyomoyo, taratibu, kwamba mkono wako wa kulia ni mzito, baadaye kwamba una joto. Msuli uliolegea kweli huhisiwa kuwa mzito, na mishipa ya damu ikitanuka kiganja hupata joto, kwa hiyo maneno hayo yanataja hali halisi. Hata hivyo ni njia ya mtu mvumilivu, na mwanzoni utahisi unajidanganya.

Kuna jambo watu wanalichanganya. Ule utaratibu wa kuupitia mwili wote kwa akili, kuanzia vidole vya mguu hadi utosini, uliopata umaarufu kupitia kliniki aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, si maandalizi ya kutafakari. Ni kutafakari kwenyewe. Humo hutakiwi kubadili kitu. Goti likiuma unalitambua kwamba linauma, basi. Anayeufanya ili alegee, kisha akakasirika kwamba hakulegea, amebisha mlango usio wake.

Mkao nao una yake. Ukilala chali utalegea vizuri sana, kisha utasinzia, hasa jioni. Mimi hukaza na kuachia nikiwa nimeketi palepale nitakapotafakari, nyonga zikiwa juu kidogo ya magoti, ili mgongo usimame bila kushikiliwa. Watawa wa Zen, tawi la dini ya Kibudha, wana desturi ninayoipenda: mwalimu wao Dogen, wa karne ya 13, aliagiza kwamba mtu akishaketi ashushe pumzi yote, kisha auyumbishe mwili kulia na kushoto, ndipo atulie. Anza na myumbo mpana, upunguze, upunguze, mpaka usimame wenyewe katikati. Haichukui hata dakika moja. Na kabla ya yote hayo legeza mkanda, uende chooni. Kibofu kilichojaa hakijawahi kushindwa na mbinu yoyote.

Niseme pia kwamba wako watu ambao mwili ukianza kulegea hushikwa na hofu: moyo huenda mbio, huhisi wanaanguka. Hali hiyo inajulikana, wala si udhaifu. Wasilazimishe. Wafumbue macho, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, au watembee polepole mpaka watulie ndipo waketi. Ikijirudia kila mara, wamwone mtaalamu.

Sasa sehemu ya pili ya swali lenu. Usipime kwa kujiuliza "je, nimelegea?", kwa kuwa swali hilo lenyewe hulikunja paji la uso. Tazama ishara. Mikono imekuwa mizito mapajani na huna hamu ya kuisogeza. Pumzi imeshuka kutoka kifuani hadi tumboni bila kuisukuma. Mara nyingine tumbo huanza kunguruma, mara nyingi chumba kikiwa kimya na kuna wenzako pembeni. Usione haya. Sehemu ya neva inayotuliza moyo ndiyo hiyohiyo inayoliamsha tumbo lifanye kazi yake, na jirani yako aliyenyamaza huenda anangoja la kwake lianze.