Mzee kapata nimonia bila kulazwa popote, imetoka wapi?

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Umeuliza baba yako wa miaka 70 kaipata wapi nimonia ilhali hajalazwa hospitali, na kama ni ugonjwa wa nadra. Si wa nadra hata kidogo. Nimonia nyingi watu huipata huku huku majumbani na mitaani, na inaowaandama zaidi ni watoto wadogo na wazee. Mwaka 2019 pekee iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani.

Baridi msiisingizie, chanzo ni vijidudu. Kati ya bakteria anaongoza pneumokokasi, ambaye anaweza kukaa puani na kooni mwa mtu mzima wa afya bila kumdhuru, kisha akashuka mapafuni kinga ikilegea. Virusi vya mafua na korona navyo vimo. Daktari asipotaja kijidudu chenyewe usishangae, mara nyingi hata vipimo havikioni na tiba huanza hivyo hivyo.

Nilipomuuguza mama, nilimwekea kiganja kifuani akiwa amelala, nikahesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 30 au zaidi, midomo ikigeuka rangi, au mzee akianza kuongea yasiyoeleweka, mkimbizeni hospitali hata kama ni usiku wa manane. Wazee wengine homa hawapandishi kabisa, huchanganyikiwa tu.

Dozi aimalize kama alivyoandikiwa. Sigara, kama anavuta, aache. Akipata nafuu, muulizeni daktari kuhusu chanjo ya pneumokokasi na ya mafua.