Kelele ya fezi kwenye faiba: mliyouliza

Kwa nini mawimbi ya redio ya milimita yapitishwe kwenye faiba? Na kelele ya fezi ni nini?

Kwa sababu shaba huyameza. Ishara ya gigahezi 60 hupoteza desibeli kadhaa kwa kila mita ya kebo ya koaksi. Mwanga kwenye faiba hupoteza takriban desibeli 0.2 kwa kilomita nzima. Basi tunatuma mistari miwili ya mwanga, yaani miale miwili ya rangi moja moja, iliyopishana kwa gigahezi 60, na mwisho wa njia fotodayodi (kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme) inatoa tofauti yao. Tofauti hiyo ndiyo redio. Fezi ni mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake, na kelele ya fezi ni kule kuyumba kwake: kilele cha wimbi kinawahi, kinachelewa, bila mpangilio.

Nimetumia leza mbili, kila moja na upana wa mstari wa megahezi 1. Mbona redio imetoka chafu kuliko leza zenyewe?

Upana wa mstari ni kipimo cha kuyumba kwa leza. Kila leza inayumba kivyake, na kuyumba kote kunajumlishwa: umepata upana wa megahezi 2 hivi. Tumia leza moja, uigawe kwa modyuleta (kifaa kinachobadilisha mwanga kwa kufuata ishara ya umeme) ili itoe mistari yote miwili. Walevi wawili walioshikana mabega hupepesuka njia nzima, lakini nafasi kati yao haibadiliki, na fotodayodi haioni kingine ila nafasi hiyo. (Mfano si wa heshima, sijapata ulio bora.)

Itabaki kelele ya osileta, chanzo cha wimbi la umeme linaloendesha modyuleta. Ukiendesha kwa gigahezi 30 ili upate 60, kelele hiyo inapanda desibeli 6. Wengi hununua leza ya bei kali wakaweka osileta hafifu, kisha wakalaumu leza.

Leza yangu ni moja. Je, faiba ndefu itaharibu?

Kidogo kuliko unavyohofu. Faiba ya kawaida hutawanya rangi za mwanga: kwenye nanomita 1550, mistari iliyopishana kwa gigahezi 60 huachana kwa takriban pikosekunde 160 baada ya kilomita 20. Mstari mmoja ukichelewa, kuyumba kwake hakulingani tena sawasawa na kwa mwenzake. Kwa leza ya megahezi 1, hapo fezi inatikisika karibu digrii 2 tu. Hatari iko mezani kwako. Ukitenganisha mistari kwa kichujio, kila mmoja ukapita kwenye kipande chake cha faiba, tofauti ya mita 1 ni nanosekunde 5, na mtikisiko unafika digrii 10. Pima vipande kwanza, ndipo uilaumu kilomita ya ishirini.

Baada ya kilomita 1 hivi, ishara yangu ya gigahezi 60 ilitoweka kabisa. Ni kelele ya fezi?

Hapana. Umetuma kanda zote mbili za pembeni (nakala mbili za ishara, moja kila upande) pamoja na mwanga wa katikati. Mtawanyiko umezigeuza kanda hizo hadi zikafutana. Ondoa ukanda mmoja.

Kelele iliyobaki, mpokeaji aiondoeje?

Aifuatilie. 5G ina ishara maalumu ya kufuatilia fezi, PTRS, iliyowekwa hasa kwa ajili ya mawimbi ya milimita. Njia ya pili ni kutuma toni safi sambamba na data, halafu mpokeaji azizidishe pamoja. Zimeyumba kwa namna moja, kwa hiyo kuyumba kunajifuta. Gharama yake ni nguvu ya kikuza ishara (amplifaya) cha redio, maana sehemu yake inaliwa na toni isiyobeba data yoyote. Kwa umbali mfupi mimi ningekubali.