Si ya watu wa kompyuta peke yao

Je, utafiti wa akili mnemba (AI) ni wa wanafunzi wa kompyuta tu? Hapana, si lazima uwe idara ya kompyuta ndipo uufanye. Nobel ya kemia ya 2024, nusu yake walipewa Demis Hassabis na John Jumper kwa AlphaFold2, programu ya akili mnemba inayokisia umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino zake. Imeshakisia protini zipatazo milioni 200. Na huyo Jumper, shahada yake ya uzamivu (PhD) pale Chuo Kikuu cha Chicago ni ya kemia!

Kilimo je? Binti yangu anasomea hicho hapa Nairobi. Likizo iliyopita alikwenda kwa nyanyake na Nuru kwenye simu, programu ya akili mnemba ya kutambua magonjwa ya mimea: unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, tena bila bando. Nyanya alishaijua batobato kabla simu haijatoka mfukoni, lakini hayo ni mengine.

Ila takwimu hutaziepuka, hata ukiwa sheria au historia. Usiyezijua utameza chochote mashine itakachokupa.