Presha ya mama imeshuka: je, aache dawa?

SWALI: Daktari, mama yangu ana umri wa miaka 79 na ametumia dawa za presha kwa zaidi ya miaka 20. Tangu mwaka jana amekonda bila kukusudia, anatembea polepole, anachoka upesi, na husahau jioni aliyoambiwa asubuhi. Presha yake, ambayo zamani ilifika 160, siku hizi ni 112 kwa 60, na akiinuka kitandani hushikwa na kizunguzungu. Kaka yangu anasema amepona, basi aache dawa. Mimi nahofia kiharusi. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, hofu yako ina msingi, na kaka yako naye ameona jambo la kweli, ila sikubaliani naye kwamba mama amepona. Presha ya mzee anayekonda inaposhuka, mara nyingi ni kwa sababu dozi iliyomfaa alipokuwa na nguvu sasa inaingia katika mwili uliopungua, wenye figo zinazotoa dawa polepole zaidi.

Kukonda, kuchoka na kutembea polepole ni dalili tatu kati ya tano ambazo daktari wa wazee wa Marekani, Linda Fried, na wenzake walizitumia mwaka 2001 kuutambua udhaifu wa uzeeni. Nyingine mbili ni mkono kukosa nguvu ya kushika na mwili kupunguza shughuli. Mwenye dalili tatu huhesabiwa kuwa dhaifu. Naomba msiiite hali hiyo uzee tu, kwa maana chakula chenye protini ya kutosha na mazoezi ya kuimarisha misuli huweza kumrudishia sehemu ya nguvu zake, na kukonda kwenyewe kunadai kutafutiwa chanzo.

Kuhusu kusahau, presha iliyokaa juu kwa miaka mingi, hasa katika umri wa makamo, huharibu mishipa midogo inayolisha ubongo, na madhara hayo hubaki hata presha ikishuka baadaye. Ndiyo maana kuidhibiti mapema ni kuulinda ubongo. Lakini kwa mzee aliye dhaifu, presha ya chini mno anaposimama huupunguzia ubongo damu na kumwangusha. Utafiti wa SPRINT wa Marekani ulionyesha mwaka 2019 kwamba kulenga namba ya juu ya presha iwe chini ya 120, badala ya 140, kulipunguza visa vya kuzorota kidogo kwa kumbukumbu, ingawa haikuthibitika kwamba kulipunguza ugonjwa wenyewe wa kupoteza akili uzeeni. Hata hivyo, watu ambao namba ya juu ya presha yao ilikuwa chini ya 110 waliposimama hawakuingizwa katika utafiti huo. Kwa hiyo matokeo yake hayawezi kutumiwa moja kwa moja kwa mama yenu kabla hajapimwa akiwa amesimama.

Msimwachishe dawa wenyewe, kwani baadhi yake zikikatizwa ghafla presha hupanda kwa kishindo. Mpelekeni kwa daktari wake katika siku chache zijazo mkiwa na dawa zote anazomeza, zikiwamo za usingizi na za mzio. Ombeni apimwe presha akiwa amelala, kisha dakika moja na dakika tatu baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dozi inahitaji kuangaliwa upya, na huenda dawa moja ikapunguzwa taratibu huku akifuatiliwa. Kumbukumbu nayo ipimwe, pamoja na tezi ya shingo, vitamini B12, usikivu na huzuni ya muda mrefu, maana haya pia humfanya mzee aonekane msahaulifu.

Kwa sasa akae kitandani kwa dakika chache kabla ya kusimama, na awepo mtu karibu naye. Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, msingoje siku ya miadi. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.