Roboti yetu ikikata kona inazima, tununue betri gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumetengeneza roboti ya mashindano shuleni, ina kilo 50, matairi sita ya sentimita 15, mota nne za CIM (mota za umeme za roboti za mashindano), betri ya volti 12 na gia 6 kwa 1, yaani mota ikizunguka mara sita tairi linazunguka mara moja. Tukiiweka juu ya stuli matairi yanazunguka balaa, ila ikishuka chini ukikata kona tu inatetemeka, inazima halafu inawaka upya. Betri tumeshabadilisha mara tatu. Tununue ipi?

JIBU: Marahaba. Msinunue betri, hiyo haina kosa jamani. Kwenye stuli mota haina mzigo, kwa hiyo kile kipimo hakiwaambii kitu. CIM bila mzigo inazunguka kama mara 5,300 kwa dakika, na kwa gia yenu hiyo ni mita 7 kwa sekunde, mbio ambazo roboti yenu haizifikii, haijachanganya hata kidogo ishafika ukutani. Mnang'oa gari mlimani kwa gia namba nne! Kwenye kona ndio balaa zaidi maana matairi yanaburuzwa kiubavu, mota zinalemewa, zinavuta ampea 300 na ushee kwa pamoja, na betri hata ikiwa mpya volti zake zinaporomoka mno, hapo kompyuta ya roboti inazikatia mota umeme au inajizima yenyewe.

Wekeni gia ya 10 au 11 kwa 1. Mbio zitabaki kama mita 4 kwa sekunde, zinatosha sana, na ampea zitapungua karibu nusu.

Ila kabla hamjafungua gia, zimeni umeme mzungushe matairi ya kila upande kwa mkono. Upande mmoja ukiwa mzito kuna cheni imekazwa mno au bolti inabana beringi (mimi niliwahi kupoteza siku mbili nahangaika na programu kumbe nati inasugua sproketi, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, aibu tupu). Halafu shikeni waya pale kwenye terminali ya betri mtingishe, ukicheza hata kidogo kazeni kwa spana, sio kwa vidole.

Na yale matairi ya katikati yashusheni milimita 3 hivi kuliko ya mbele na ya nyuma, roboti itageuka kirahisi. Ikizima tena baada ya hapo, niandikieni volti zinazosomeka wakati iko kwenye kona, sio ikiwa imesimama.