Kibundi Akilia Nyuma ya Nyumba Yako, Usishike Jiwe

Miaka miwili mizima nilidhani ni chura. Nilikuwa nimehamia Lang'ata, kwenye ploti iliyo karibu na ua wa Mbuga ya Nairobi, na kila giza lilipoingia nilisikia kitu nyuma ya nyumba kikisema "prrrup", halafu kimya. Ukihesabu polepole hadi sita au saba, "prrrup" tena. Hakikuchoka. Kiangazi kikaja, mitaro ikakauka, vyura wote wakanyamaza, na chenyewe kikaendelea kulia. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ni chura gani huyu anayeishi juu ya mgunga.

Mlinzi wetu wa geti, mzee aliyelelewa Siaya, ndiye aliyenifungua macho. "Mwalimu, huyo si chura. Huyo ni tula, lakini yule mdogo." Tula ni bundi kwa Kijaluo. Alilitaja kwa sauti ya chini, akitazama kwanza kama kuna mtu mwingine anayesikia.

Nawaandikia mnaokaa Lang'ata, Karen, Rongai, na popote pembeni mwa Nairobi ambapo migunga haijamalizwa. Usiku mmoja mtamsikia. Nina machache ya kuwashauri, na moja kati ya hayo nilijifunza kwa kuua.

Kwanza mjue ni nani. Bundi huyu ana urefu wa sentimita 15 hadi 18 tu, na ukimpima hazidi sana uzito wa yai la kuku. Macho yake ni ya manjano. Juu ya kichwa ana vishungi viwili vya manyoya ambavyo wengi hudhani ni masikio, kumbe masikio yenyewe ni matundu yaliyofichwa pembeni mwa uso. Rangi yake ni ya gome: kijivu, mistari myeusi, madoa ya kahawia. Mchana hulala ameegemea shina, na mtu akimkaribia haruki kama njiwa. Hujinyoosha, hujibana mpaka awe mwembamba, husimamisha vile vishungi na kufumba macho mpaka zibaki nyufa mbili. Hapo unatazama kijiti kilichovunjika na si ndege. Niliwahi kusimama mita mbili kutoka kwake nikimtafuta huku binti yangu, wakati huo wa darasa la tatu, akinionyesha kwa kidole na kushangaa kwa nini simwoni.

Jina lake la kitaalamu ni Otus senegalensis, alilopewa na Mwingereza William Swainson mwaka 1837. Jina linataja Senegal, lakini ndege mwenyewe ameenea katika savana kuanzia huko hadi Afrika Kusini. Hapa kwetu hupenda miti iliyoachana, kama ilivyo ndani ya Mbuga ya Nairobi na mitaa inayopakana nayo. Ukiwa Karura au Msitu wa Ngong Road na ukasikia "hu-hu, hu-hu-hu" zito lenye mpigo, huyo ni bundi mwingine, wa msituni, mkubwa kuliko huyu.

Naomba mjifunze kutofautisha sauti za usiku, kwa sababu nusu ya uhasama dhidi ya bundi Nairobi inatokana na makosa ambayo si yake. Kuna wale popo wa matunda wenye vishada vyeupe mabegani. Dume hulia "ting, ting, ting" bila kupumzika, sauti safi kama kijiko kikigonga glasi, na watu huapa kwamba ni bundi. Kuna perere, mnyama wa manyoya mwenye ukubwa wa sungura anayeishi mitini. Huyo akianza kupiga kelele, mgeni anaweza kuamini kuna mtu anakabwa koo. Jirani yangu mmoja alikuja asubuhi akitetemeka kwamba bundi amelia kama maiti usiku kucha. Nilimkalisha, nikamchezea kwenye simu mlio wa perere. Alikaa kimya, kisha akasema, "Ndiyo huyo huyo." Watu wa pwani wana jina kipasuasanda kwa bundi ambaye mlio wake hufanana na kitambaa kikichanwa, na ukilisikia jina hilo unaelewa hofu ilikoanzia. Lakini kibundi chetu hachani chochote. Yeye husema "prrrup", hungoja sekunde tano hadi nane, husema tena. Anamwambia jike kwamba yupo, na anawaambia madume wengine kwamba mti huu una mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimchezee mlio wake kwenye simu ili umwite. Nimewaona vijana wakifanya hivyo kwa nia njema, wapate picha. Anaposikia dume mwingine ameingia kwake huacha kuwinda akaja kugombana na spika. Mlio wa perere nilimchezea jirani sebuleni, milango imefungwa. Nje, sikiliza tu.

Sasa nije kwa lile la kuua.

Mwaka wa tatu nilikuta kinda chini ya mti, asubuhi, manyoya yake laini kama pamba, macho wazi, akigonga mdomo ta-ta-ta. Nilidhani ameachwa. Nikamweka kwenye katoni, nikamweka juu ya friji jikoni ambako kuna joto, nikamlisha nyama ya kusaga iliyolowekwa kwenye maziwa. Usiku ule nilisikia wazazi wakilia karibu sana na dirisha la jikoni, karibu kuliko siku yoyote. Sikuelewa walichokuwa wakitaka. Siku ya tatu alikuwa amelala ubavu ndani ya katoni, wa baridi.

Daktari wa mifugo niliyemwendea baadaye alinieleza bila kunilaumu, na maneno yake ndiyo ninayowapa ninyi. Jike hutaga mayai meupe, mara nyingi mawili hadi manne, ndani ya shimo la mti ambalo limetokea lenyewe au limechongwa na kigong'ota. Huyaatamia siku ishirini na kitu huku dume akimletea chakula. Makinda wakifikisha wiki nne hivi hutoka shimoni kabla hawajajua kuruka vizuri, na wengine hujikuta chini. Hajaachwa. Wazazi wako juu yako wakikutazama, wanangoja uondoke. Kinda huyo anaweza kupanda mwenyewe kwa makucha na mdomo ukimpa shina lenye gome la kukwaruza. Wala hali nyama ya ng'ombe na maziwa. Ameumbiwa kula mdudu mzima, ganda na miguu.

Kwa hiyo ukimkuta kinda: mfungie paka ndani, mfunge mbwa. Kama yuko njiani ambako magari yanapita, mwinue kwa kitambaa umweke juu ya tawi la karibu lililo juu ya kichwa chako, kisha uingie nyumbani uzime taa. Mikono yako haitamfanya akataliwe na mama yake. Hilo nililiamini pia na si kweli. Kama ana damu, bawa limening'inia, au paka amemshika, hapo ndipo katoni inahitajika: matundu machache ya hewa, taulo kavu chini, giza, kimya. Usimpe chakula, na usimmiminie maji mdomoni kwa sababu yataingia kwenye mapafu. Mpeleke siku hiyo hiyo KWS, shirika la serikali la wanyamapori; makao yao makuu yako hapo Barabara ya Lang'ata. Kumfuga nyumbani bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na hata kama sheria ingekuruhusu, huna nyenje wa kumtosha.

Nyenje nawajua kwa sababu ya vitonge. Bundi humeza windo lake, kisha mabaki yasiyosagika hurudi mdomoni yakiwa yamefungwa pamoja kama kidonge, naye hukitema. Mimi na binti yangu tuliviokota chini ya mgunga, tukavitenganisha kwa sindano juu ya karatasi nyeupe: miguu ya nyenje, taya za panzi, vipande vya mbawa ngumu za mende, na mara moja mkia wa nge. Hatukukuta hata unyoya mmoja wa kuku. Nasema hivyo kwa sababu vifaranga vilipopotea kwenye ploti ya tatu, lawama ilimwendea yeye. Ndege mwenye uzito wa yai atambeba kuku gani?

Ukishajua anakula nini, mengine unayaona mwenyewe. Dawa ya wadudu unayonyunyiza kwenye nyasi kila mwezi inamwondolea chakula, au inamlisha sumu kidogo kidogo. Sisi tuliacha kunyunyiza. Maua yalitobolewa msimu mmoja, kisha ndege wa mchana wakaanza kuwala hao wadudu na hali ikatulia. Sumu ya panya haimgusi sana huyu mdogo, lakini huwaua binamu zake wakubwa. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa amelewa, na panya mlevi ndiye anayekamatwa kwanza. Tumia mtego.

Taa ni jambo ambalo sikulifikiria mpaka nilipoona kwa macho yangu. Taa kali ya ploti jirani ilikuwa ikielekea mgungani usiku kucha. Nondo walijaa kwenye taa, kibundi akawa anawafuata hadi juu ya barabara, na asubuhi moja mlinzi alimkuta mmoja amegongwa na gari. Niliomba taa ielekezwe chini, iwe ile inayowaka mtu akipita tu. Nilijibiwa kwamba usalama kwanza, na naielewa hofu hiyo, nami nina mtoto. Lakini taa inayowaka ghafla humshtua mwizi zaidi ya ile aliyoizoea. Walikubali baada ya bili ya stima ya mwezi uliofuata.

Kilichoniuma zaidi ni mti. Mgunga wetu ulikuwa na tawi moja kubwa lililokufa, lenye shimo la kigong'ota, na humo ndimo walimozalia. Mwenye ploti alileta mafundi "wausafishe". Nilirudi kutoka shuleni nikakuta tawi limeshakatwakatwa kuwa kuni. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya; kwa macho ya mtu wa kawaida, tawi kavu ni uchafu. Kwa kibundi ni nyumba, na hawezi kuichonga mwenyewe. Hivyo kabla hujaita mafundi, tazama juu. Kama tawi kavu haliwezi kuangukia paa, nyaya au watoto, liache. Kama ni lazima likatwe, acha kisiki cha mita moja chenye shimo, na usubiri wasiwe na makinda.

Kuhusu uchuro, sitawadharau watu wangu. Mama mmoja wa ploti yetu alikuwa na mume hospitalini, na kila "prrrup" ilimkata maini. Alimtuma kijana atafute manati. Sikumwambia kwamba huo ni ushirikina. Nani anamwambia hivyo mtu mwenye mgonjwa? Nilimwambia, "Mama, ndege huyu alikuwa hapa kabla mimi na wewe hatujahamia, na amelia kila usiku wa harusi na kila usiku wa matanga vilevile." Tukakaa nje kwenye viti vya plastiki tukimsikiliza mpaka saa nne. Manati haikutumika. Nawashauri mfanye hivyo: kaeni na mwenye hofu gizani, mwacheni amsikie kwa muda mrefu. Na kama unataka watu wanaojua ndege zaidi yangu, matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, yako wazi hata kwa asiyemjua kunguru. Mimi nilianzia hapo, nikiwa na darubini ya kuazima.

Baada ya tawi kukatwa, sauti ilihamia mbali, ng'ambo ya ua wa mbuga. Nilimwomba fundi seremala wa Kibera anitengenezee kisanduku cha mbao zisizopakwa rangi, chenye tundu la kutosha ngumi ya mtoto, na vumbi la mbao kidogo chini. Nilikitundika mita nne juu ya shina, mahali ambapo paka hafiki. Mwaka wa kwanza waliingia nyuki, ikabidi nimwite mtu wa kuwahamisha. Nikakirudisha upande wa pili wa mti, penye kivuli.

Jumapili iliyopita, nikifagia chini yake, niliokota kitonge kimoja kikavu, kidogo kama punje ya maharagwe. Nilikifungua juu ya karatasi. Kilikuwa kimejaa miguu ya nyenje.